Sajini Anakohoa Asubuhi

Isiolo
Jumatatu, 4 Julai 1977

Kwa Fundi Lomorukai, huko Merti,

Salaam nyingi kutoka nyumba ya Mahamud. Aabo baba yangu mzima, Hooyo mama yangu mzima, kaka yangu Bile mzima pamoja na kelele zake, na mimi mzima. Mgonjwa ni mmoja tu, Sajini, Landrova yetu kuukuu, na ndiye aliyenikalisha chini na kalamu.

Usiseme "nilijua." Najua ulijua. Siku ile unapanda lori ya Duba kwenda kazi ya misheni ulipiga boneti kofi mbele yetu sote ukasema, "Huyu mzee atawasumbua nikiondoka." Haya, furahi sasa.

Mambo yamebadilika tangu uende. Macho ya Aabo hayamruhusu kuendesha tena. Bile akataka Sajini auzwe, lori yake ipate magurudumu mapya. Mimi nikasema nipeni mimi. Wakacheka wote wawili, halafu Aabo akaacha kucheka. Unajua nani alinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa ndege nikiwa miguu haijafika vizuri kwenye pedali, kwa hivyo usijifanye kushangaa.

Sasa kila alfajiri naenda kambi za ngamia upande wa Kulamawe, nachukua maziwa kwa akina mama wa huko, nayaleta sokoni kabla jua halijakuwa kali. Wateja ninao, Fundi! Wananingoja wamesimama. Bile ameniwekea sharti mbele ya Aabo: Sajini aende na arudi asubuhi bila kusukumwa na mtu, basi ni wangu. Mwezi wa Ramadhani ukiandama na bado anasukumwa, anakwenda kwa Gaceri, yule mama wa Meru anayeuza ndizi.

Na anasukumwa. Nikimwasha asubuhi anakubali. Nikitoa mguu kwa mafuta, mngurumo unashuka chini, anatetemeka mwili mzima, anakohoa, kimya. Betri ni ya zamani, siwezi kuzima na kuwasha kila kambi, lazima angurume mwenyewe wakati mimi napima maziwa. Lakini nitapimaje maziwa na mguu wangu uko ndani ya gari? Nikishuka tu, anakufa. Vijana wa ngamia wamesukuma mpaka wamechoka. Siku hizi wakinisikia kwa mbali wanajificha nyuma ya ngamia, naona miguu yao.

Hooyo hasemi kitu. Tangu nichukue ufunguo hajasema ndiyo, hajasema hapana. Nikitoka yuko kwenye mswala, nikirudi yuko jikoni. Hajapanda hata siku moja. Najua mama wengine wanamwambia mambo kuhusu msichana na usukani. Hilo si la fundi, lakini nimeshaliandika.

Niambie nifanye nini. Andika herufi kubwa, si zile za kuku.

Luul binti Mahamud


Merti
Jumamosi, 9 Julai 1977

Luul mama,

Ejok, salamu ya kwetu. Herufi zangu ni hizi hizi, uzizoee.

Barua yako nimeisoma chini ya trakta ya misheni, oili ikinidondokea sikioni, kwa hivyo ukiona doa hapa ujue ni kazi. Nimefurahi kwamba ni wewe uliyeshika Sajini. Bile anaendesha kama mtu anayefukuza mbuzi.

Sikiliza vizuri. Kwanza kabisa, usiguse ile skrubu ya kabureta. Kila mtu akisikia gari inanguruma chini anakimbilia kuzungusha skrubu. Utaficha ugonjwa, na ukifichwa unakua. Injini ukiiuliza inaumwa wapi itakujibu, lakini uiulize kwa utaratibu.

Toa plagi zote nne uziangalie uso. Zikiwa na rangi ya udongo, ziko sawa. Zikiwa nyeupe, petroli haitoshi. Zikiwa nyeusi na masizi, petroli imezidi ama hewa imepungua. Halafu fungua kifuniko cha pale waya za plagi zinatoka, usafishe pointi, vile vibati viwili vinavyogusana, kwa msasa laini, na nafasi yake iwe unene wa kipande cha boksi ya kiberiti. Halafu washa, weka sikio karibu na mipira yote inayoingia kwenye injini. Ukisikia kitu kinapiga mluzi mdogo, hapo hewa inaibiwa.

Mwisho, pima na chai. Umeniona nikifanya tangu ukiwa mtoto. Jaza glasi, iweke juu ya boneti, injini ingurume yenyewe. Chai ikitetemeka katikati tu, gari ni nzima. Ikiruka na kumwagika upande mmoja, kuna silinda haifanyi kazi. Ukimaliza, kunywa chai. Ni chai.

Kuhusu Mama Bile, mimi nimekula chakula chake miaka mingi na sijamsikia akisema neno kabla halijaiva. Mpe muda.

Binti yangu Peris yuko hapo shuleni Isiolo, mwambie nimeuliza habari za hesabu.

Lomorukai


Isiolo
Alhamisi, 14 Julai 1977

Fundi,

Nimefanya yote. Plagi ni nyeusi tititi, zote nne. Nikazisugua zikang'aa, kesho yake nyeusi tena. Pointi ni safi. Mipira haipigi mluzi, nimeinama hapo mpaka jirani akaniuliza kama nasikiliza redio.

Chai ya asubuhi ilimwagika yote kwenye boneti. Lakini ngoja nikuambie la ajabu. Nimerudi nyumbani saa sita, jua limewaka, nikasema hebu nijaribu tena. Nikaweka glasi. Wallahi chai ilitulia, inatetemeka katikati tu, kidogo, kama ulivyosema. Nikazunguka gari mara mbili nikiwa na hasira. Asubuhi ni mgonjwa wa kufa, saa sita ni kijana wa jeshi! Anataka nini? Ngamia hawakamuliwi saa sita kwa ajili yake.

Jumanne alikufa kabla sijafika mjini na hakukuwa na mtu wa kusukuma. Maziwa yakachacha kwenye madebe. Nyumba nzima tumekunywa maziwa makali siku mbili, Aabo anasema ni dawa ya tumbo, lakini wateja wangu walinunua kwa mtu mwingine. Bile ndiye aliyenikuta barabarani. Alinivuta kwa kamba ya lori mpaka nyumbani, tukapita mbele ya msikiti watu wakitoka kuswali.

Gaceri naye amekuja kumtazama Sajini. Alipiga gurudumu teke, akaangalia meno yake kama anayenunua punda, nasema meno, ni grili. Nikamwambia hajauzwa. Akasema, "Bado."

Habari nyingine hakuna. Peris anasema hesabu inaendelea, hakusema inaendelea wapi. Paka wa Hooyo wote watatu wamehamia juu ya boneti, wanalala hapo usiku kucha wakilamba vidole. Natumaini huko Merti paka wana kazi.

Luul


Merti
Jumatatu, 18 Julai 1977

Luul,

Paka waache. Paka si fundi.

Nimekaa na maneno yako. Plagi nyeusi, petroli imezidi ama hewa imepungua. Angalia waya ya choki, pengine inanata na haifunguki mpaka ipate joto. Ivute na uirudishe kwa mkono, uone kama kile kibati ndani ya kabureta kinafunguka chote. Kama kinafunguka, choki haina kosa.

Na kama choki haina kosa, nitakuambia ninachofikiri, na usipige kelele. Injini haina saa. Haijui kuna asubuhi na kuna saa sita. Anayejua saa ni mtu. Mimi naona kuna mkono unagusa ile skrubu jioni gari ikiwa imelala, na asubuhi wewe unakuta ugonjwa. Jiulize, ni nani anayepata kitu Sajini akishindwa? Sitaji jina. Lakini lori ya nani inahitaji magurudumu?

Lomorukai


Isiolo
Ijumaa, 22 Julai 1977

Fundi Lomorukai,

Hukutaja jina. Mimi nimelitaja.

Choki inafunguka vizuri. Kwa hivyo jana wakati wa chakula cha mchana, mbele ya Aabo, nikamuuliza Bile kwa nini anaharibu gari yangu kama mwizi. Bile aliweka chini tonge alilokuwa nalo mkononi. Akanitazama. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuvuta kwa kamba, Luul. Kama nilitaka ushindwe ningekupita." Akanawa mikono na hajashiba, akatoka. Sasa analala ndani ya lori. Aabo hajasema na mimi tangu hapo. Hooyo naye aliinuka akaingia ndani, akaacha sufuria motoni ikaungua. Sijawahi kuona Hooyo akiacha sufuria motoni maisha yangu yote.

Jioni, kwa sababu bado nilikuwa na kiburi, nilichukua hina nikachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye kabureta, mtu akiizungusha mstari ukatike. Asubuhi mstari uko pale pale, umenyooka. Na Sajini akakohoa, akafa, vilevile.

Kwa hivyo hakuna mkono. Nimemkosea kaka yangu kwa neno lako, na mimi ndiye niliyekuwa mwepesi kuliamini. Nimeenda kwenye lori kumwomba msamaha, akasema, "Sawa," bila kuteremsha kioo.

Gaceri anakuja Jumamosi ya tarehe thelathini na mtu wake wa kuendesha. Aabo amekubali waangalie. Ramadhani bado, lakini amechoka kusikia ugomvi, na mimi siwezi kumlaumu. Kama Sajini hatakwenda na kurudi asubuhi ile, basi yameisha. Nitarudi kukaa dukani kwetu nikipima sukari.

Nisaidie kwa kweli safari hii, ama uniambie huwezi.

Luul


Merti
Jumatatu, 25 Julai 1977

Luul mwanangu,

Nisamehe. Na Bile mwambie nimesema anisamehe pia, na lile neno la kufukuza mbuzi nalirudisha. Nilikosa jibu, nikatafuta mtu wa kulaumu. Hiyo ni tabia ya fundi mbaya.

Tangu barua yako ije sijala vizuri. Nimekuwa nikifikiri habari za paka. Nilikuandikia paka si fundi, nikajiona mjanja. Sasa nimejiuliza, paka anataka nini juu ya boneti ya Landrova usiku kucha? Joto? Isiolo joto liko kila mahali. Na tena umeandika wanalamba vidole. Paka anachukia petroli na oili, hawezi kuzilamba. Kuna kitu kwenye gari hiyo kinachonukia chakula.

Fanya hivi. Kwanza washa, uende nyuma, unuse moshi. Halafu zima, fungua boneti. Kando ya betri kuna kopo kubwa la mviringo lenye mpira mnene unaokwenda kwenye kabureta. Hapo ndipo hewa inaingilia. Chini yake kuna bakuli la oili, hewa inapita juu ya oili hiyo na kuacha vumbi lake, halafu inapita kwenye wavu wa chuma. Fungua kamba yake, utoe bakuli, uniambie umeona nini.

Kwa nini sikukuambia mwanzo? Kwa sababu nililiosha mwenyewe kabla sijaondoka, nikatia oili mpya mpaka kwenye mstari. Niliuliza kila mahali ila pale mkono wangu ulipopita.

Duba anangoja, ananipigia honi.

Lomorukai


Isiolo
Alhamisi, 28 Julai 1977

Fundi,

Kaa chini kwanza.

Moshi wa Sajini unanuka jikoni. Nimekuwa nikiendesha mbele yake siku zote, sijui kinachotoka nyuma. Nimefungua bakuli alfajiri ya leo. Hakuna oili. Kumejaa kitu cheupe, kigumu, kimepita mstari kabisa, na wavu wa juu umezibwa nacho hadi huwezi kuona tundu. Nikachukua kwa kidole nikanusa. Iliki na uwatu.

Ni samli, Fundi. Ni samli ya Hooyo. Hakuna nyumba nyingine Isiolo inayotia iliki hivyo.

Sikugusa kitu. Nilirudisha bakuli nikafunga. Nikasema moyoni, kumbe ni yeye hataki niende. Nimezunguka na neno hilo mchana wote, na likaniumiza, sikufichi, nililia dukani mbele ya mteja wa chumvi.

Alasiri nikaingia nyuma ya Sajini, chini ya turubai, nikakaa na madebe nimvizie. Baada ya swala Hooyo akatoka nyumbani na kibuyu chake kidogo, kile cha kufungwa kwa ngozi. Akafungua boneti polepole, kama anavyofungua sanduku lake la nguo. Paka wakaja mbio. Akawafukuza. Akachovya kidole, akapaka ukingo wa lile kopo, halafu akamimina ndani, na akaanza kusema kwa Kiborana, lugha ya kwao, maana nyumbani tunasema Kisomali. Unajua mimi Kiborana changu ni cha sokoni, lakini haya niliyaelewa. Ni yale wanayosema ngamia akizaa, na bibi arusi akitoka kwao. Nagaa, nagaa, amani mbele yako, amani nyuma yako. Uende kwa amani, urudi kwa amani. Akasema, umchukue Luul, umrudishe Luul. Alitaja jina langu mara nyingi, Fundi. Halafu akafunga boneti, akaipangusa kwa kanga, akaingia ndani.

Sasa nakumbuka kila Alhamisi alasiri hutoka na kibuyu hicho; kumbe amekuwa akifanya hivyo tangu nishike ufunguo.

Na mimi nilidhani ananyamaza kwa sababu anaona aibu juu yangu! Sasa nimekaa hapa nacheka na kulia pamoja, Peris ananiuliza nina nini. Ndiyo maana aliinuka siku ile nilipomshtaki Bile. Alikuwa ameisemea gari amani, na sisi tunaigombania.

Sasa niambie. Gaceri anakuja keshokutwa. Nikiisafisha, nimetupa baraka ya mama yangu chini. Nikimwambia, "Hooyo, dua yako inanisonga," nitamwangalia usoni vipi? Na nisipoisafisha, Sajini amekwenda. Duba anaondoka sasa hivi na kesho atarudi. Jibu kwa hicho kidole chenye oili, jibu tu.

Luul


Merti
Ijumaa, 29 Julai 1977

Luul,

Nimecheka mpaka padre akatoka ofisini akiuliza nani amekufa.

Sasa ugonjwa wote uko wazi. Mchana jua na injini vinayeyusha samli, hewa inapita, Sajini ni kijana. Usiku upepo wa mlima unashuka Isiolo, na mwezi wa saba unaujua ulivyo, samli inaganda kwenye wavu. Asubuhi anavuta hewa, haipati. Petroli inakuja ileile, hewa ni kidogo, ndiyo maana plagi ni nyeusi na mngurumo uko chini. Ukikanyaga anavuta kwa nguvu anaishi, ukiachilia anakosa pumzi. Injini haina saa, lakini samli inayo.

Toa samli yote kwa kijiko. Osha bakuli na wavu kwa petroli, mara mbili, anika mpaka ikauke. Tia oili ya injini mpaka kwenye mstari, usipite. Sugua plagi. Basi.

Samli usiitupe. Hata kwetu Waturkana mafuta yaliyosemewa maneno hayamwagwi kwenye mchanga. Bawaba za milango ya Sajini zinalia tangu uhuru na mimi sikuwahi kuziponya. Zipake hizo.

La mama yako si la fundi. Wewe ni mtoto wake, utajua.

Lomorukai


Isiolo
Jumapili, 31 Julai 1977

Kwa Fundi wangu Lomorukai,

Ngoja nianze mwanzo, nisije nikaruka.

Duba alinipa barua yako Ijumaa jua likiwa bado juu. Nikaenda kwenye lori, nikamwambia Bile, "Njoo uone kitu, halafu urudi kununa." Akaja. Nikamfungulia bakuli. Akanusa, akanitazama, nikamwambia ni nani. Bile alikaa chini kwenye mchanga na suruali yake nyeupe ya Ijumaa akacheka mpaka machozi. Halafu akajifuta macho. Akasema, "Lori yangu hajaipaka hata siku moja." Wallahi alikuwa na wivu, yule mtu mzima mwenye ndevu! Tukaosha wavu pamoja. Yeye ndiye aliyetia oili, mimi nikishika tochi tuuone ule mstari.

Samli nikaiweka kwenye bakuli safi. Nikaingia jikoni. Hooyo alikuwa anachambua mchele. Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri na yote yakanitoka. Nikaweka bakuli mbele yake, nikasema, "Hooyo, Sajini ameshiba. Yeye ana fundi wake. Mimi ndiye sijapakwa."

Alilivuta bakuli karibu, akalinusa. Nikadhani nimemvunja moyo. Halafu akasema, "Nilidhani utaona haya. Msichana wa shule, dereva, utataka mafuta ya kizee kichwani?" Nikamwambia, "Na mimi nilidhani wewe ndiye unaona haya." Akasema, "Mimi? Kwa sababu gani?" Hivyo tu, kama mtu aliyeulizwa kama jua ni la bluu. Akanawa mikono. Akaleta kibuyu. Akanipaka kwenye paji la uso, kwenye viganja vyote viwili, na juu ya utosi, akisema yale maneno, safari hii kwa sauti. Aabo alikuwa mlangoni akisikiliza. Alisema amina kabla yangu.

Jana alfajiri nilitoka nanukia kama sikukuu. Sajini aliwaka. Nikatoa mguu. Akashuka kidogo, akakaa, akanguruma mwenyewe. Nilikaa pale nikimsikiliza mpaka Hooyo akafungua dirisha akasema, "Nenda basi!" Kambi ya kwanza vijana walitoka wenyewe kuja kusukuma, wameshakunja mikono ya mashati. Nikawaambia kaeni, leo ni siku yenu ya mapumziko. Nikashuka. Nikapima maziwa, nikaongea na akina mama, nikauliza habari za watoto, na Sajini ananguruma nyuma yangu polepole kama mtu anayesubiri bila haraka. Kambi zote hivyo hivyo. Nilifika sokoni maziwa yakiwa na povu.

Gaceri alikuwa ananingoja na dereva wake, na Bile, na nusu ya soko. Bile akaagiza chai. Akaiweka glasi juu ya boneti, imejaa mpaka ukingoni. Tukainama wote. Ikatetemeka katikati tu, mviringo mdogo, haikumwagika hata tone. Yule dereva akasema hajaona Landrova ya umri huu ikitulia hivi. Na hapo, Fundi, ndipo nilipoogopa kweli, kwa maana Gaceri alifungua mkoba wake akasema ataongeza. Ataongeza sana. Kumbe nimemponya ili anunuliwe ghali! Nikamtazama Bile. Nilijua magurudumu yake yalivyo, unaweza kuona nyuzi.

Bile akachukua ile glasi, akanywa chai yote, akairudisha kwa mwenye hoteli. Akamwambia Gaceri, "Mama, umechelewa. Zungumza na mwenyewe." Akanionyesha mimi.

Nilimwambia Gaceri siuzi. Akanipiga begani, akasema basi angalau nimuuzie maziwa, na nimemuuzia.

Bawaba nimezipaka zote. Leo nimefungua mlango, kimya, nikadhani haukufunguka.

Luul binti Mahamud, mwenye Sajini


Isiolo
Jumanne, 2 Agosti 1977

Kwa Lomorukai,

Ni mimi, Mama Bile. Anayeandika ni Peris wako, mimi nasema yeye anaandika, na nimemwambia asipunguze neno.

Nimesikia ulicheka mpaka padre akatoka. Vizuri. Sasa nisikilize. Wewe ndiye uliyenionyesha. Hukumbuki? Mwaka ule wa ukame ulikuwa chini ya Sajini, nikakuletea chai, nikakuuliza, huyu anapumulia wapi? Ukapiga lile kopo ukasema, "Hapa, Mama Bile, hapa ndipo anapopumulia, na hapa asikaukiwe." Basi mimi nilikaa na neno lako. Binti yangu alipochukua ufunguo, nikasema mnyama huyu atambeba mwanangu gizani, lazima asemewe. Na kwetu mnyama anasemewa penye pumzi, hapakwi mkia. Nikatia pale pale fundi aliponionyesha. Sasa kosa ni la nani? (Baba, hapa amecheka, halafu akasema niandike kwamba hakucheka.)

Nilipomwona anasukumwa kila siku nikaongeza. Anazidi kukohoa, nazidi kuongeza. Ungeniambia ni oili ningenunua oili.

Sikumwambia Luul kwa sababu nilimwona anatembea kichwa juu, nikasema nisimshushe na mambo yangu. Yeye naye hakuniuliza. Tumekaa nyumba moja hivyo. Siku hizi tunaongea mpaka Mahamud anaomba tumwache alale.

Jana nilipanda. Nilikaa mbele. Mwanangu alishuka kupima maziwa akaniacha mimi na Sajini, ananguruma chini yangu taratibu, na nilimwona kwa kioo akicheka na wale wanawake, mafuta yangu yanang'aa usoni mwake. Nililia kidogo. Peris, hilo usiandike. (Nimeandika, Baba.)

Bile amekuja asubuhi akasimama mlangoni akizungusha kofia. Nimemwambia alete lori yake Alhamisi. Nitapaka usukani tu, usiwe na wasiwasi.

Nakutumia kibuyu cha samli kwa mkono wa Duba. Ni ya kula. Usiitie kwenye trakta.

Khadijo, Mama Bile